Stoo Iliyofunguliwa Saa Tisa Usiku

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nyumbani wananiita Inspekta tangu nikiwa darasa la pili, kwa sababu sukari ikipungua kwenye kopo nilikuwa nanusa vidole vya kila mtu, wageni wakiwemo. Nimekua na tabia hiyo, na nikabahatika kupata kazi inayoitaka. Ninatunza seva ya kituo cha afya kilichoko mwendo wa siku nzima kwa gari, na ninaitunza nikiwa nimekaa mezani kwangu makao makuu, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama matangi ya maji. Mtu anayetunza kitu asichokiona akiacha kushuku, amekwisha.

Seva yenyewe usiipe heshima kubwa. Ni kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, unaweza kuitia kwenye mfuko wa mkate, na imekaa juu ya rafu katika chumba cha kuandikisha wagonjwa. Lakini mambo yote ya kituo yanapita humo: mgonjwa ameingia saa ngapi, kaandikiwa nini, na stoo ya dawa imefunguliwa na nani. Mlango wa stoo una kufuli la namba. Mtunza stoo akibonyeza namba yake ya siri, seva inamtambua, inafungua, inaandika jina lake na saa. Seva ikilala, mlango haufunguki mpaka daktari mkuu atafutwe na ufunguo wa akiba, na wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi wakimlaani kila mtu, kuanzia daktari hadi mimi wasiyenijua.

Adui yangu ni umeme. Kule unakatika mara nne, mara tano kwa siku, na siku ukiwa na hasira unaondoka jioni na kurudi kesho yake watu wameshakunywa chai. Mwaka wa kwanza ulinitoa jasho. Seva ilikuwa inazimika ghafla katikati ya kuandika, kisha ikiwaka haijijui haijitambui. Nikaiwekea betri ya akiba. Nikaifundisha kwamba betri ikibaki kidogo ifunge kazi zake taratibu na kujizima yenyewe kwa adabu, na umeme ukirudi ijiwashe bila kusubiri kidole cha mtu. Nikaipa na kazi ya kunitumia ujumbe kila inapoamka. Baada ya hapo nililala usingizi, ingawa si sana.

Kikabaki kitu kimoja, saa. Ndani ya kompyuta kuna kibetri kidogo cha mviringo kinachoiwezesha kukumbuka saa hata ikiwa imezimwa. Cha mashine yetu kilikufa. Niliandika barua ya kuomba kingine, nikaandika ya pili, ya tatu nikaiandika kwa herufi kubwa, na hadi leo naamini kuna mtu kwenye ofisi ya manunuzi anazifungia karanga. Kwa kawaida mashine ikiwaka inaulizia saa kwenye mtandao. Shida ni kwamba umeme ukikaa muda mrefu bila kurudi, hata mnara wa simu unaishiwa betri, na mtandao unachelewa kurudi saa moja au mbili baada ya umeme. Basi nikaandika programu fupi: seva ikiwaka na isipopata mtandao, isifungue chochote mpaka mtu aliyepo pale aiambie saa kwa mkono. Mtandao ukirudi, saa inajirekebisha yenyewe. Niliisifia programu ile mbele ya bosi wangu mpaka akaniomba nipumue.

Mtu aliyepo pale alikuwa mzee wa jenereta. Kituo kizima kinamwita Baba Swichi. Ndiye anayewasha jenereta, ambayo inatosha wodi ya wazazi tu, anayebadilisha balbu, na kwa maelekezo yangu ya simu ndiye mikono yangu. Ni mtu wa kufuata neno kwa neno. Ukimwambia "subiri dakika tano," anasubiri tano, si nne. Hilo nalo lilinitia shaka mwanzoni, kwa maana sijapata kumwona binadamu anayefuata maelekezo bila kuongeza lake. Nilimtumia karatasi yenye maelekezo, akaibandika ukutani juu ya seva kwa gundi ya karatasi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa napitia kumbukumbu za seva, chai mkononi, kama wengine wanavyopitia magazeti. Macho yakanasa kwenye mstari mmoja. Stoo ya dawa ilikuwa imefunguliwa saa tisa na dakika kumi usiku. Jina la aliyefungua lilikuwa la mama yangu mdogo.

Nikaweka kikombe chini. Stoo inafungwa saa kumi na moja jioni. Kuifungua usiku ni lazima wawepo watu wawili na daktari mkuu atie sahihi. Kuifungua peke yako ni kufukuzwa kazi, hakuna maelezo wala kiinua mgongo. Na mama mdogo alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Huyu ni mdogo wake mama yangu, aliyenichukua nikiwa na miaka tisa siku ileile tuliyomzika dada yake, akanilea, akanisomesha hadi nikajua hizo Linux zenyewe. Ndiye mtunza stoo.

Mtu mwingine angesema mashine imekosea. Mimi nilirudi nyuma wiki saba, nikitafuta jina lake. Nikakuta mara nyingine nne. Saa nane na dakika hamsini usiku. Saa tisa na robo. Saa kumi kasorobo. Saa tisa na dakika tano. Mara tano mama yangu mdogo alikuwa ameingia stoo wakati watu wa heshima wamelala.

Niliomba orodha ya hesabu ya dawa ya mwezi ule. Hakuna kidonge kilichopungua. Mwenzangu wa meza ya pili aliposikia akasema, "Basi shida iko wapi?" Nikamtazama nikamhurumia. Mtu anayeingia stoo usiku na hakuna kinachotoka, amefuata nini? Anabadilisha. Anachukua dawa halisi anaacha bandia, idadi inabaki ileile. Wazo hilo lilinijia lote kwa mpigo, likakaa, na sikuliuliza kitambulisho.

Ningempigia mama mdogo nikamuuliza waziwazi. Lakini mwizi ukimuuliza unamwamsha. Na zaidi ya hapo, pale ofisini kulikuwa na mdomo mmoja au miwili iliyokuwa ikisema nimempa shangazi yangu kazi, wakati si shangazi na alianza kazi kituoni mimi nikiwa sijaota meno ya pili. Sikutaka kusikia nimembeba ndugu. Nikaamua kumchunguza kimyakimya. Kesho yake saa moja asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu! Leo jua limetokea wapi?" Kweli nilikuwa simpigii. Mara moja kwa miezi miwili, na hapo mpaka anitumie ujumbe wa kuniuliza kama niko hai.

"Nakusalimia tu. Umelalaje?"

"Nimelala vizuri, namshukuru Mungu."

"Hukuamka usiku?"

"Ah, umri huu! Niliamka kwenda msalani, nikarudi."

Nikaandika kwenye daftari: *Anakiri aliamka.*

Nikapiga kesho yake, na keshokutwa, kila siku saa moja, siku kumi na moja mfululizo. Nilijitia mtoto mwema. Nilimuuliza alilala saa ngapi, aliota nini, kama miguu ilimuuma, kama mbwa wa jirani walibweka. Siku ya nne aliniambia amepaka rangi sebule, rangi ya maziwa, imependeza. Nikaandika: *Rangi. Pesa ya wapi?* Siku ya saba akasema mlinzi wa geti ni kijana mzuri, huwa anamsindikiza hadi njia panda. Nikaandika: *Mlinzi yumo.* Kila jibu lake lilikuwa jema na kila jibu jema lilizidi kunitia wasiwasi. Niliona anavyofurahi kuzungumza na nikasema moyoni, tazama anavyojua kuigiza.

Siku ya tisa stoo ikafunguliwa tena saa tisa na dakika ishirini usiku. Niliusoma mstari huo jioni, na saa moja asubuhi ile ile nilikuwa nimempigia. "Umelalaje?" "Kama mtoto mchanga," akasema, akacheka. Nikaandika: *Uongo.* Ananidanganya mimi aliyenilea!

Siku ya kumi na moja nikaandika ripoti. Kurasa tatu, na jedwali. Niliandika kwamba saa ya mashine haina makosa kwa kuwa nimeitengenezea utaratibu wa uhakika. Niliandika kwamba mtuhumiwa alihojiwa kwa simu kwa siku kumi na moja bila kujua kuwa anahojiwa, na majibu yake hayakulingana na kumbukumbu. Nikatia sahihi. Bosi akaisoma, akaniuliza, "Huyu si ndugu yako?" Nikajikaza, nikamjibu kwamba kazini sina ndugu. Siku hiyo nilijiona mkubwa.

Mama mdogo akasimamishwa kazi. Hakunipigia, na mimi sikumpigia tena. Kwa nini nipige? Uchunguzi ulikuwa umekwisha. Wiki mbili baadaye nikaambiwa niende kule mwenyewe, nikaieleze kamati kumbukumbu zangu ana kwa ana.

Nilifika jioni kwa gari la ofisi. Nyumba ya mama mdogo iko hatua mia tatu kutoka kituoni, na humo kuna kitanda changu cha shule hadi leo. Nililala nyumba ya wageni. Asubuhi niliamka na roho nzito, nikaenda kituoni mapema, saa tatu kasorobo. Kamati ilikuwa inakutana saa nne. Nilitaka kwanza niione seva yangu kwa macho.

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Chumba cha kuandikisha kilikuwa na giza la mapazia, benchi limejaa wagonjwa nje, na juu ya rafu seva imelala kimya. Baba Swichi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini yake na daftari mapajani. Ni mwembamba, mashati yake yana mikunjo ya pasi iliyonyooka, na saa yake ya mkono anaivaa upande wa ndani, uso wa saa ukitazama mapigo ya damu.

"Karibu, fundi mkuu," akanisalimia. "Leo umekuja kuniona kama nafanya kazi?"

"Nimekuja kuiona mashine, mzee wangu."

"Mashine haina maneno. Maneno yapo kwa watu." Akageukia dirishani. Nilijua anamzungumzia mama mdogo. Nikajiuliza huyu naye anajua nini.

"Hilo daftari ni la nini?"

"La umeme. Ukikatika naandika, ukirudi naandika. Wewe mwenyewe uliniambia mwaka juzi."

Nilikuwa nimesahau. Nikamwomba, akanipa. Mwandiko wa shule ya zamani, kila siku na mistari yake: umekatika saa fulani, umerudi saa fulani. Sikuwa na muda wa kuufuatilia, kwa sababu wakati ule ule taa ya dari ikapepesa, feni ikaanza kuzunguka, na nje watu wakapiga makofi. Umeme ulikuwa umerudi. Seva ikatoa mlio wake mmoja. Nilitazama simu yangu: hakuna mtandao hata nukta moja.

Baba Swichi akasimama, akavuta kibodi. Kwenye skrini yakatokea maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe, *Andika saa ya sasa*, na chini yake mfano, *10:25*. Akageuza mkono, akatazama saa yake kwa makini, akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine: 02:52.

"Umekosea," nikasema.

Akaitazama tena saa yake. "Sijakosea."

"Mzee, umeandika 02:52. Hiyo ni saa nane usiku!"

"Usiku?" Akanitazama usoni kuona kama nimelala vizuri. "Sasa hivi si saa tatu kasoro dakika nane? Saa mbili na dakika hamsini na mbili. Au kwenu ni saa ngapi?"

Nikamshika mkono, nikaugeuza. Mshale mfupi ulikuwa unaikaribia tatu. Kwenye simu yangu ilikuwa 8:52.

"Saa yako inasema tatu," nikasema.

"Inasema saa tatu kwa sababu ni saa tatu. Saa zenu zote mshale uko kwenye tisa, halafu mtu anakwambia saa tatu. Mimi nilishachoka kutazama kingine na kutamka kingine. Niliigeuza saa yangu mwaka nilipooa, na sijawahi kuchelewa popote."

"Lakini kompyuta, mzee wangu, kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ilitakiwa uandike nane, si mbili."

Akaweka kidole kwenye karatasi ukutani, taratibu, bila hasira. "Nisomee hapa. Umeandika 'andika saa ya sasa.' Hukuandika saa ya kizungu. Kama ungeandika saa ya kizungu ningemuuliza daktari."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nje nilisikia mabenchi yakiburuzwa, na sauti ya msaidizi wa stoo akibonyeza kufuli. Mlango ukafunguka. Seva yangu ikaandika, bila kupepesa, kwamba stoo ya dawa imefunguliwa saa nane na dakika hamsini na nne usiku. Nje jua lilikuwa limejaa uwanja mzima.

"Na mchana je?" nikamuuliza. "Umeme ukirudi mchana na mtandao haupo?"

"Mchana mara nyingi mashine inakataa. Inasema saa niliyoandika imekwisha kupita. Basi namwita daktari anafungua stoo kwa ufunguo wa akiba, tunasubiri mtandao."

Kukataa kule nilikuwa nakuona. Kila mara seva iliponiletea taarifa kwamba imepewa saa isiyofaa, nilisema hivi: vidole vya mzee vinene. Ningepiga simu moja tu, ningeuliza swali moja, mambo yangeishia pale. Lakini mimi simu zangu nilikuwa nazipeleka kwingine.

Nikafungua daftari lake na kumbukumbu zangu, nikaviweka sambamba. Siku ya kwanza: umeme umerudi saa tatu na dakika tano asubuhi, stoo imefunguliwa, nilivyosoma mimi, saa tisa na dakika kumi usiku. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu, zote sita. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikatazama mistari iliyokuwa jirani na jina la mama mdogo. Asubuhi zile zile, wagonjwa walikuwa wameandikishwa kwa makumi saa tisa usiku, saa kumi usiku. Akina mama wajawazito wa kliniki, watoto wa chanjo, wazee wa presha wenye kadi za miadi. Ningeamini vipi kwamba watoto ishirini na wawili wamepelekwa chanjo saa tisa usiku? Sikuamini wala sikukataa, kwa sababu sikuwaona. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja.

Saa nne kamati ikakaa. Walikuwa watatu: daktari mkuu, muuguzi mkuu, na mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mwenye miwani na kalamu mbili. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba mapajani, amevaa gauni la kazi lililopigwa pasi ingawa hakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Aliponiona alitabasamu. Nikatazama kwingine.

Nitasema ukweli. Nilipokuwa napanda ngazi nilikuwa nimepata njia ya kupenya. Ningeweza kusema kibetri cha saa kimekufa, nikaiangushia lawama ofisi ya manunuzi, na kila mtu angeitikia kwa kichwa kwa sababu kila mtu ana ugomvi na manunuzi. Sikuona ubaya wowote, ila kwamba Baba Swichi alikuwa amenifuata, amesimama nyuma na daftari lake, na yule angesema neno kwa neno. Nikaeleza yote. Kuhusu saa ya mkono, karatasi ya ukutani, watoto wa chanjo.

Daktari mkuu alikuwa wa kwanza kucheka. Muuguzi mkuu akamfuata, akifuta machozi kwa kiganja. Mkaguzi hakucheka.

"Maelekezo ya ukutani aliandika nani?"

"Mimi."

"Na kumbukumbu alizikagua nani?"

"Mimi."

"Na ripoti inayosema saa ya mashine haina makosa?"

"Mimi, mama."

Akaandika kwa kalamu ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Mtunza stoo arudi kazini leo hii," akasema. "Na barua ya kumsafisha isomwe mbele ya wafanyakazi wote, asomewe na aliyemchafua." Nikasema sawa. Nilikuwa tayari kuisoma hata sokoni.

Barua niliisoma saa sita, uwanjani, wafanyakazi wamesimama kwenye kivuli cha paa. Watu walimpigia makofi mama mdogo, mlinzi wa geti akapiga na mluzi. Nikarekebisha programu pale pale, sasa inauliza kwa maneno: asubuhi, mchana, jioni au usiku, saa ngapi kwa hesabu yetu. Baba Swichi akaijaribu mara tano akasema, "Hapo sasa umeongea Kiswahili." Kisha nikamfuata mama mdogo stoo.

Alikuwa anahesabu maboksi ya glavu. Mkononi alikuwa na karatasi, na nilipokaribia nikaona ni ripoti yangu. Mkaguzi alimpa nakala, ni haki yake.

"Mama mdogo, nisamehe."

"Nimekusamehe," akajibu upesi, kama mtu anayetaka kumaliza hilo ili aingie kwenye lingine. "Umekosea kama watu wanavyokosea. Mashine imekudanganya, na wewe una kichwa chako, nakijua." Akafunua ukurasa wa pili. "Ila nifafanulie hapa. 'Mtuhumiwa alihojiwa kwa simu kwa siku kumi na moja bila kujua kuwa anahojiwa.' Hizi ndizo zile simu za asubuhi?"

Nikaisoma sentensi yangu.

"Zile za 'umelalaje, miguu inauma'?"

"Ndiyo."

Akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Nilikuwa naamka saa kumi na moja na nusu nioge mapema, simu isinikute bafuni," akasema. "Niliwatangazia wote hapa. Nikawaambia, mtoto wangu siku hizi hawezi kuanza siku bila kujua nimelalaje. Hata sebule niliipaka rangi kwa sababu nilidhani labda utakuja." Hakulia. Ningependa angelia. Alirudi kwenye maboksi yake, akaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo, na mimi nikasimama pale nimeshika mlango, machozi yakinitiririka mbele ya glavu na mabomba ya sindano.

"Nitakupigia kesho," nikasema. "Na keshokutwa. Kila siku, mama mdogo, naapa."

Akageuka akanitazama. Alinitazama kwa muda, usoni, machoni, tena usoni. "Sawa," akasema.

Nilisafiri mchana huo huo. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa mezani kwangu, na sikufungua hata kumbukumbu. Nikapiga. Iliita mara nyingi kabla hajapokea.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba."

"Umelalaje?"

Nilisikia anasogeza kiti, anakaa.

"Unataka kujua nini?" akaniuliza.